Nchi Ambayo Faki Hakuruhusiwa Kufika

Wako wasafiri wanaosimulia njia, mawimbi na maumivu ya tumbo. Huyu wetu hakuulizwa njia na mtu yeyote, basi na sisi tumpokee akiwa tayari amesimama langoni, kofia mkononi, mbele ya ukuta mweupe wa nchi ya Chembeni. Jina lake Faki Silima, mshona kofia za viua, zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi, mtu wa miaka arubaini na tisa, mwembamba, mwenye haya. Alikuja kumtafuta mkewe.

Mkewe, Kazija, ndiye aliyekuwa fundi wa kweli katika nyumba ile. Faki alishona kofia za kuvaliwa sokoni. Kazija alishona kofia ambazo watu walizivaa Idi, kisha wakazifungia sandukuni mwaka mzima. Mawakala wa Chembeni walipopita mitaani wakitafuta wanawake wenye macho ya kuhesabu nyuzi, walisimama barazani kwake, wakaigeuza kofia moja juu chini, na siku hiyohiyo wakatoa mkataba wa miaka miwili. Kazija alitaka kwenda. Alikuwa mtu wa kutaka kuona mambo. Faki naye akasema haya, nenda, kwa sauti ya mtu anayetaka abishiwe, lakini hakubishiwa.

Barua zilikuja mwaka wa kwanza, kisha zikakatika. Mwaka wa pili ukapita, na wa tatu, na wa nne. Majirani wakasema ng'ombe akivunjika mguu hurejea zizini, na huyu bila shaka hajavunjika, ameshaolewa hukohuko. Kila mwezi Faki alisema mwezi ujao atakwenda, na kila mwezi ilitokea kofia ya kumaliza. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kufika akakuta majirani wamesema kweli. Jioni alitandika mkeka upande wake, akauacha wa Kazija umeegemezwa ukutani, na hamu ikamla taratibu. Ulipotimia mwaka wa sita alifunga duka bila kumuaga mtu.

Langoni alipokewa na mama wa makamo aitwaye Bi Rehani, Afisa wa Vumbi. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Chembeni mgeni huoshwa kwanza, ndipo mwenyeji apone. Bi Rehani alimpitisha Faki katika vyumba vitatu vya upepo, akamwosha nywele mara mbili, akamchungulia ndani ya masikio, akamvika vazi jeupe la kumfunika toka utosini hadi vidoleni. Yalibaki macho tu.

"Na kofia yangu?" Faki aliuliza.

"Itakaa huku nje, bwana mgeni. Hiyo ina vumbi la mji mzima. Na leo usile chumvi. Tone moja la jasho lako likigusa sahani zetu, kazi ya mwezi imekwenda."

Njiani akamweleza kazi ya nchi, na Faki alisikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi. Mchanga huyeyushwa ukachujwa, ukayeyushwa tena ukachujwa tena, mpaka usibaki na ugeni wowote ndani yake. Katika uji wake wa moto huchovywa kijiti, kikavutwa juu polepole huku kikizungushwa, kutwa nzima, hadi utoke mche mmoja unaong'aa. Mche hukatwa sahani nyembamba, kama muhogo wa kukaanga, zikasuguliwa hata mtu akajiona meno. Katika ukumbi mwingine watu hutambaa bila viatu juu ya karatasi nyekundu pana kama zulia la msikiti, wakikata ramani kwa kisu. Ramani ile hupigwa picha ikapunguzwa, na ikapunguzwa tena, mpaka ikaenea juu ya ukucha. Sahani hupakwa dawa inayoogopa mwanga, na ndiyo maana taa zao zote ni za manjano. Ramani huwekwa juu, mwanga ukapitishwa, tindikali ikala palipoachwa wazi, tanuri likamalizia. Mwisho sahani hukatwa chembe, na wanawake wenye hadubini huzitia chembe hizo nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele.

"Na chembe hiyo inafanya nini?"

"Inajua kusema ndiyo na hapana."

"Basi?"

"Kwa haraka sana," alisema Bi Rehani, na ilionekana hakuwahi kuulizwa zaidi ya hapo.

Alimweleza pia kwamba kwa sheria kila mwaka ramani lazima ipungue nusu, na kwa hiyo katika nchi ile udogo ndio ukubwa. Waziri mdogo hukalia kiti, waziri mkubwa hukalia kigoda, na kiongozi wa Baraza hukalia kitu ambacho Faki, alipokuja kukiona, alidhani bwana yule amechuchumaa.

Wakafika kwa karani wa wageni. Karani aliuliza jina bila kuinua uso.

"Faki."

Kalamu ikamdondoka. Akamtazama Bi Rehani, Bi Rehani akatazama sakafu. "Faki nani?" karani aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Faki Silima. Mume wa Kazija. Nimekuja kumchukua mke wangu."

Karani akasimama, akafunga dirisha, akaomba radhi, akatoka mbio. Katika nchi ambayo kukimbia ni kosa, kwa sababu mwendo hutimua vumbi, mtu mzima alikuwa anakimbia. Faki akauliza amekosa nini. Bi Rehani akamvutia kiti, na hapo ndipo alipoambiwa habari ya Siku Njema.

Tangu nchi iwepo, katika kila chembe mia walizotengeneza, zilizopona zilikuwa tisa. Zilizobaki zilikufa bila sababu inayojulikana, zikatupwa. Wataalamu walilaumu mbelewele za maua, wakalaumu mwezi, wakalaumu manukato ya wafanyakazi. Kisha, miaka mitano iliyopita, siku ya Jumanne, zikapona sabini na mbili. Hakuna aliyejua kwa nini. Kwa kuwa hawakujua ni jambo gani la siku ile lililoleta heri, Baraza liliamuru yaandikwe mambo yote, na yote yarudiwe kila siku, bila kupunguza wala kuzidisha. Kuandika peke yake kulichukua siku arubaini.

Asubuhi ile mtu mmoja alipatwa na kwikwi saa mbili. Tangu hapo yuko mtu aliyeajiriwa kwa kwikwi. Msimamizi alimwita Shaame kwa jina la Shaibu, kwa kughafilika tu, basi kila siku humwita Shaibu, na kila siku yule hujibu, "Mimi Shaame." Chai ilichelewa, na mpaka leo huchelewa. Na mwanamke wa kiti cha kumi na nne, saa nne na robo, aliinua macho kwenye hadubini yake, akatazama mlango, akasema, "Leo Faki atakuja."

"Hayo ndiyo maneno," alisema Bi Rehani. "Yanasemwa kila siku ya Mungu."

"Na chembe zinapona?"

"Kesho yake zilirudi tisa. Hazijapanda tena."

Mtu angedhani hapo wangeacha. Wao waliona kwamba hawajaiga vya kutosha. Wakajenga kiwanda cha pili kilichofanana na cha kwanza kwa kila kitu, mpaka doa la rangi nyuma ya mlango. Kisha cha tatu. Na sasa vilikuwa kumi na viwili. Katika kila kimoja alikuwapo mwenye kwikwi, na Shaame, na Kazija.

Faki alijaribu kukumbuka Jumanne ile yeye alikuwa akifanya nini. Hakukumbuka. Alijua tu kwamba alikuwa nyumbani, na kwamba pengine alikuwa anasema mwezi ujao.

"Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili," alisema hatimaye.

"Ni kweli. Na Siku Njema ilimkuta amebakiwa na mwaka mmoja na siku tisa. Kwa hiyo kila siku amebakiwa na mwaka mmoja na siku tisa."

Baraza lilikutana mchana uleule. Faki alisimamishwa katikati, na wazee wa Chembeni wakamtazama kwa heshima iliyochanganyika na chuki. Maana kwa miaka mitano walikuwa wamebishana Faki ni nini. Walikuwapo waliofundisha kwamba ni upepo. Wengine waliandika kwamba ni aina ya gesi ambayo siku ile ilivuja na hairudi. Na sasa amekuja mshona kofia.

Mnakili Mkuu, kiongozi wa Baraza, yule wa kigoda kisichoonekana, alifungua mjadala. Bwana mmoja mwenye ndevu zilizofungwa kitambaa akasema jambo ni wazi: maneno yanasema Faki atakuja, Faki amekuja, apelekwe kiti cha kumi na nne ili Siku Njema ikamilike, na chembe zitapona mia kwa mia.

"Ndugu yetu amesoma kitabu nusu," alijibu Mnakili Mkuu. "Siku ile Faki alikuja?"

"Hakuja."

"Basi kutokuja kwake kumo katika Siku Njema kama kwikwi ilivyomo. Ukileta Faki, umetia katika siku ile kitu kisichokuwamo. Mimi nasema huyu ni vumbi. Ni vumbi kubwa kuliko yote tuliyowahi kuliona."

"Mimi ni mume wa mtu," alisema Faki. "Nipeni mke wangu, tuondoke, siku yenu mtabaki nayo."

"Mke yupi?" Mnakili Mkuu aliuliza, wala hakuwa anafanya mzaha. "Kazija ni kiti cha kumi na nne. Anayekikalia ndiye Kazija. Tunao kumi na wawili, wote wamekaguliwa."

Walibishana mpaka jua likapinda. Uamuzi ulisomwa wakiwa wamesimama wima, kwa sauti moja: Faki Silima anaruhusiwa kuwepo, ila haruhusiwi kufika. Anaweza kupita viwandani siku moja na Afisa wa Vumbi, amefunikwa, bila kusema neno, na awatazame kupitia kioo. Kwetu tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Chembeni wamekwenda mbele zaidi: hata aliyekuwepo, lake halipo.

Kesho yake, kabla ya saa mbili, wakaanza mzunguko, kiwanda kipya kwanza na cha kale mwisho. Bi Rehani alimweleza kwamba wasichana wa viti vya kumi na nne hufanya mazoezi ya maneno yao asubuhi, kabla ya saa yenyewe, kwa hiyo atawasikia mmoja mmoja. Faki alisimama nyuma ya kioo cha kwanza. Mwanamke mwenye vazi jeupe aliinua macho kwenye hadubini, akatazama mlango, akasema, "Leo Faki atakuja."

Hakuwa Kazija. Lakini alisema kwa hamu ambayo Faki hakuwahi kuisikia kwa mtu yeyote. Macho yalikwenda mlangoni na kubaki pale, yakimeta, kama ya mtu aliyesikia hodi. Faki alisahau mahali alipo, akajibana ukutani ili asionekane.

Cha pili hakuwa yeye. Cha tatu, cha nne, cha tano. Kila mmoja alimwita jina lake. Hakuna mwanamume aliyewahi kungojwa vile, na Faki, aliyejiona si kitu kwa miaka sita, alipita mbele ya vioo vile akitamani kila mmoja awe ndiye, akijua kila mmoja siye. Kazija alikuwa na jicho la kushoto lililopepesa kidogo akifikiri. Macho haya yote yalikuwa imara.

Katika cha kumi na mbili alikaa msichana ambaye hata nambari ya kifuani ilikuwa ya kubandikwa. "Huyu ni wa muda," Bi Rehani alinong'ona. Akatazama nyuma, akatazama mbele. "Mwenyewe yuko mtihanini. Ameshashindwa mara mbili, na leo ni ya tatu. Sheria yetu ni moja kwa chembe na kwa mtu: kilichoshindwa mara tatu hutupwa nje ya ukuta, na aliyekiokota ni chake."

Faki alimshika mkono, jambo lililokatazwa. Hakuweza kuuliza, alikuwa ameapishwa kutosema. Bi Rehani akaendelea mwenyewe.

"Maneno anayasema, ila hatazami mlango. Anasema huku anafanya kazi, kama mtu anayehesabu. Wakaguzi wanasema Kazija gani huyu, hata hafanani. Na maskini anajitahidi kweli. Anakaa na kinasa sauti, anajisikiliza mwenyewe alivyokuwa akisema zamani, anajiiga. Anasema wakimtoa kitini, mtu wake atakuja asimkute."

Faki alielewa shauri lilipofikia. Kazija akifaulu, atarudi kitini, na mwaka mmoja na siku tisa hautapungua mpaka afe. Akishindwa ni wake. Na Kazija, kwa ajili yake Faki, alikuwa anajikaza afaulu.

Bi Rehani hakumrudisha langoni. Alimpeleka kwenye ujia mwembamba, akasukuma mlango bila kishindo, akamwacha amesimama kizingitini. Kilikuwa chumba cha manjano, chenye meza moja, hadubini moja, na Mnakili Mkuu pembeni na kinasa sauti chake. Mwanamke aliyekaa mezani alikuwa ameupa mlango ubavu. Mabega yalikuwa ya Kazija. Faki angeyajua hata gizani.

Mnakili akabonyeza kitufe. Ikatoka sauti changa, yenye mkwaruzo kidogo: Leo Faki atakuja.

"Umesikia lile 'leo' linavyoinuka?" alisema Mnakili. "Sema."

"Leo Faki atakuja."

"Halikuinuka. Tumaini limepungua. Tena, na safari hii utazame mlango. Hii ndiyo ya mwisho, mwanangu, usijitupe."

Kazija alivuta pumzi. Aliinua kichwa kwenye hadubini, akageuka, akatazama mlango. Aliona mtu mweupe asiye na uso, mmoja kati ya maelfu ya watu wa nchi ile, wala macho yake hayakusimama juu yake. "Leo," alianza, na neno lilipanda vizuri sana, lilipanda kama kwenye kinasa, na mkono wa Mnakili ukaufuata muhuri wa kufaulu.

Faki akaivua ile kofia ya vazi. Akavua na barakoa. Nywele zake, zilizoota mvi, zikachomoza zikiwa zimesimama, na jasho likamtiririka shingoni katika chumba ambacho hakikuwahi kuona jasho. Bi Rehani, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kelele, alikuwa anakagua viatu vyake.

Kazija alikaa vilevile, mdomo wazi. Jicho la kushoto likapepesa.

"Malizia," alisema Mnakili.

"Mbona umekonda hivyo?" alisema Kazija.

"Siyo hayo maneno."

"Huli? Nani anakupikia?"

"Kosa," alisema Mnakili Mkuu, kwa masikitiko ya kweli, na akaandika. "Siku ile mlangoni hapakuwa na mtu." Akagonga muhuri mwekundu, mara ya tatu.

Walitolewa kwa mlango wa takataka, kama sheria inavyotaka. Nje ya ukuta palikuwa na lundo la chembe zilizokufa, refu kuliko nyumba, likimeremeta juani. Kazija alikaa chini, akafunika macho yake kwa viganja. Hakuwa ameona mwanga mweupe kwa miaka mingi. Uso ulikuwa umepauka, na mistari ya barakoa ilikuwa imezama mashavuni. Faki alikaa karibu naye. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, na yote yalimpotea.

"Nisamehe," alisema. "Ningekuja siku ile."

"Ungekuja siku ile wasingekuwa na cha kuandika."

"Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Niliogopa, Kazija. Nakuambia kweli, niliogopa tu."

Kazija aliondoa viganja usoni. "Nami nilitazama ule mlango zaidi ya mara elfu moja na mia tano, mume wangu. Ulimi uliendelea, macho yakachoka. Nikajikuta nalitaja jina lako kama mtu anayetaja saa. Hilo lilinitisha kuliko kutupwa." Akashika mkono wa Faki, akaugeuza, akatazama alama za sindano vidoleni. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Saa nne na robo ikafika. Nyuma ya ukuta, kutoka viwanda vyote kumi na viwili, sauti za wanawake zikapanda pamoja, nyembamba, zikiinuka vizuri penye lile neno la kwanza: Leo Faki atakuja.

Faki akasimama. Alikuwa mtu mwenye haya, lakini hakuweza kuvumilia. Akaweka viganja mdomoni aite, awajibu, awaambie wote kwamba amekuja, imekwisha, wapumzike. Kazija alimvuta vazi kwa nguvu mpaka akayumba.

"Wanyamazie," alisema. "Yule wa cha tatu anamngoja mama yake. Wa cha nane ana mtoto aliyemwacha akinyonya. Ukiitika watainuka wote wakimbilie mlangoni, halafu waone ni wewe."